Nilimwambia Polisi Mwanangu Ana Panga

Ni mimi niliyepiga simu. Naanza na hilo kwa sababu nimeshindwa kulisema kwa mdomo zaidi ya mwaka sasa, na nikianza na mengine nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Mimi ni nyanya wa wajukuu saba, na huku kwetu watu huniita shosho, yaani nyanya. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mnivumilie. Naishi Kiganjo, Thika. Jina langu sitaandika. Kijana wangu nitamwita Mwangi, na hilo si jina lake. Siogopi kushtakiwa, kwa umri wangu watanifanya nini? Naogopa asome.

Nina ploti ya nyumba nane za kupangisha, na nyuma kuna zizi la ng'ombe mmoja. Upande wetu mimi ndiye mzee wa Nyumba Kumi, yaani majirani walinichagua niwe naangalia usalama na kupeleka habari kwa chifu na kwa polisi. Hawakunichagua kwa uzuri. Walinichagua kwa sababu sipendi mchezo. Mlevi akisumbua kwangu, mara ya kwanza naongea na yeye. Mara ya pili naongea na polisi.

Hapo ndipo nilijifunza uongo.

Ukipiga simu kituoni useme watu wanapigana, utaambiwa, "Shosho, gari haina mafuta." Ukisema mtu anampiga bibi yake, utaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, wakae chini waongee. Unasimama kwa geti mpaka miguu iume. Lakini ukisema "ana panga," hiyo gari inapata mafuta. Hakuna mtu huku kwetu hajui hii maneno. Mimi niliambiwa na mama mmoja wa kanisa tukimenya viazi vya harusi. Alisema, "Wewe taja panga tu, utawaona kabla hujaweka simu kwa mfuko."

Nilitaja panga mara ya kwanza kwa jamaa aliyemfungia mke wake nje. Mkononi alikuwa na mwiko wa ugali. Polisi walikuja mbio wakamlaza kwa tumbo hapo uani, mwiko ukiwa bado mkononi, na ploti nzima ikacheka wiki mbili.

Mara ya pili ilikuwa ni bwana wa Mama Brayo, mpangaji wangu wa nyumba namba tano. Ni watu wa magharibi, watu wa kazi, mama anaingia shifti kwa kiwanda cha nguo. Siku hiyo bwana alikuwa na kelele ya pombe, basi. Nikataja panga. Walipofika hawakuuliza habari. Rungu ya kwanza ilipata mkono, mfupa ukavunjika. Alikaa na plasta wiki sita.

Mama Brayo alinifuata kwa bomba la maji. "Mama, ulimwona na panga?"

Nikamjibu, "Nilimwona na fujo."

Nilifikiri hilo ni jibu. Nilikwenda zangu na mtungi wangu nikiwa nimenyoosha mgongo.

Baada ya hapo koplo mmoja alinipa namba yake mwenyewe, nisiwe nahangaika na simu ya kituo. Kijana mpole, anaongea taratibu. Aliniambia, "Shosho, wewe hauna maneno mingi. Ukisema kitu, mimi sirudi kuuliza, nakuja." Nilijivunia hiyo namba. Niliiweka kwa simu yangu iwe ya kwanza kabisa, juu ya ile ya pasta.

Sasa Mwangi.

Mwangi ni kitinda mimba wangu, ana miaka thelathini na sita. Alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda Ruiru miaka tisa, kisha wakapunguza watu na yeye akapunguzwa. Alirudi kwangu na mke na watoto wawili, nikawapa nyumba ya mwisho. Akaanza kunywa. Sitamfanya malaika. Alikuwa anakunywa mchana, na akinywa anaongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Lakini kupiga mtu, hapana. Tangu utoto alikuwa mtu wa kelele na machozi.

Siku yenyewe alikuja saa nane mchana amelewa, akakaa jikoni kwangu akapakua githeri, yale mahindi na maharagwe. Wapangaji wengine wako nje wanafua. Nikamwambia mbele yao wote kwamba mwanaume anayekunywa wakati wengine wako kazini hana haki ya kuguza sufuria yangu.

Akasema, "Mum, hata chakula?"

Nikasema, "Hata maji."

Akachukua hiyo sufuria akaitupa. Haikuja kwangu. Ilienda kwa dirisha, kioo chote kikamwagika nje karibu na karai za nguo. Watu wakasimama. Na Mama Brayo alikuwa amesimama kwa mlango wake, simu mkononi, anatoka kujiandaa kwa shifti ya jioni.

Akasema kwa sauti, "Aai, Mama Nyumba Kumi. Leo simu haina chaji?"

Mtu akacheka.

"Ama panga ni ya mabwana zetu peke yake?"

Wakacheka wote. Hata wale ambao huniitia chai.

Hiyo ndiyo ilinichoma. Si dirisha. Si mwanangu kulewa. Ni kicheko cha wapangaji wangu kwenye ploti yangu. Nilienda nyuma ya tangi la maji ambapo hakuna mtu ananiona, nikampigia koplo.

Nitaandika yale maneno vile yalivyokuwa, kwa sababu nayasikia kila siku.

"Sema, shosho."

"Kuna mtu hapa kwangu ameleta fujo. Amevunja nyumba. Ana panga."

"Unamjua?"

Hapo ningesema ni mtoto wangu. Sikusema. Nilijua nikisema ni mtoto wangu ataniambia ni mambo ya familia. Nikasema, "Ni mlevi tu."

"Amekata mtu?"

Nikasema, "Bado."

Hiyo bado. Kama mtu angeweza kurudisha neno moja tu mdomoni, mimi ningerudisha hilo, hata kabla ya panga.

Nilitaka nini? Nilitaka wamchukue alale ndani siku moja, apate adabu, na Mama Brayo aone kwamba sina upendeleo. Huku kwetu wazazi wengi wamefanya hivyo. Mtoto akikushinda, unamwitia polisi wakusaidie kumtisha. Unafikiri polisi ni kama mjomba mkali, atamshika sikio halafu akurudishie.

Niliporudi uani, Mwangi alikuwa ametulia. Alikuwa ameinama kwa bomba, maji yanamwagika kichwani. Kisha akatafuta ufagio, akakusanya vile vioo kimoja kimoja akaviweka kwa karai kuukuu. Hakuna mtu alimwambia. Wapangaji wakarudi kwa nguo zao.

Akaja karibu na mlango wangu, haniangalii. "Mum, ng'ombe amekula?"

Sikumjibu. Nilikuwa bado na hasira, na mimi nikikasirika sijibu.

Akaingia jikoni. Panga letu linakaa kwa msumari nyuma ya mlango, ni la kukatia nepia, ile nyasi ya ng'ombe. Akalitoa hapo, akachukua kamba, akateremka chini karibu na mto ambapo nimepanda nepia yangu. Alikuwa ananiomba msamaha. Mwangi hajui kusema pole kwa mdomo, tangu utoto. Akikukosea utaona tu kuni zimepasuliwa.

Nilimwona akishika panga. Simu ilikuwa kwa mfuko wa aproni, bado ina joto la mkono wangu. Ningebonyeza mara moja niseme, "Msije, ametulia, na ni mtoto wangu." Niliishika. Nikaangalia upande ule, Mama Brayo bado yuko mlangoni anavaa viatu. Nikasema moyoni, acha waje, hata kama ametulia. Acha huyu mwanamke aone.

Nikairudisha simu mfukoni.

Walikuja wawili tu. Gari waliiacha barabarani kwa sababu njia yetu ni nyembamba, wakashuka kwa miguu kando ya ua. Wakati huohuo Mwangi anapanda kutoka mtoni. Mzigo wa nepia uko kichwani, umeshuka mbele mpaka machoni. Mkono wa kushoto umeshika mzigo, wa kulia umeshika panga. Ndivyo kila mtu hubeba.

Nilisikia koplo akipaza sauti, "Weka chini! Weka chini hiyo kitu!"

Mwangi aligeuka kufuata sauti. Alikuwa haoni mbele. Pale pana mteremko, na mtu mwenye mzigo hasimami ghafla kwa mteremko, hupiga hatua moja, mbili, ndipo asimame. Alipiga mbili, kuelekea kwao.

Ilikuwa risasi moja.

Nepia ilimwangukia juu. Nilikimbia nikiita, "Ni mtoto wangu, ni mtoto wangu," na nikaanza kutoa nyasi kama mtu anayefukua. Alikuwa hai. Akaniambia, "Mum, sisikii miguu," kisha akazimia.

Koplo alikuwa amesimama karibu, bunduki inaangalia chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akasema, "Shosho, lakini ulisema..." Kisha watu wakaanza kufika, akanyamaza.

Risasi ilikaa kwa uti wa mgongo. Hospitalini Thika daktari alituambia kwa Kiswahili rahisi, ili nielewe: kuanzia kiunoni kushuka, hakuna kitu kitarudi. Nikamuuliza baada ya muda gani. Akasema, "Mama, hakitarudi."

Kwa ploti swali likawa moja. Ni nani aliita polisi? Mimi hakuna aliyeniona nyuma ya tangi. Lakini Mama Brayo kila mtu alimwona na simu, kila mtu alimsikia akinicheka, na kila mtu alikumbuka mkono wa bwana yake. Wakasema ni yeye, amelipiza. Wakaanza kumwagia maji machafu mlangoni. Wakaandika maneno kwa ukuta wake, maneno ya kabila, siwezi kuyaandika hapa.

Mimi ndiye mwenye ploti, na mimi ndiye Nyumba Kumi. Neno langu moja lingetosha. Nilienda nikabisha kwake nikamwambia, "Itabidi utoke mwisho wa mwezi, kwa usalama wako."

Aliniangalia usoni. Akasema, "Mama, mimi na wewe tunajua hiyo simu ilikuwa na chaji."

Alihamia Kimbo, Ruiru. Sijawahi kumwona tena. Kibanzi cha kioo cha lile dirisha nilikikuta mlangoni kwake nikifagia nyumba, na nilikaa chini hapo kwa sakafu tupu muda mrefu.

Jumapili moja nikitoka kanisani nilimkuta koplo kwa geti langu. Hakuwa na sare, amevaa jaketi. Nilimwambia aingie, akakataa kukaa.

"Shosho, nimekuja kukuomba kitu kimoja. Kuna watu wanachunguza polisi. Watakuja kwako. Waambie tu vile uliniambia kwa simu."

Nikaanza kufungua kitambaa changu cha kanisa.

"Wananiuliza mbona nilikuja na bunduki mkononi, mbona sikungoja. Mimi nawaambia niliambiwa kuna panga. Wananiuliza na nani."

"Ulikuwa lazima upige?" nikamuuliza. Nilitaka awe yeye mwenye makosa.

Hakukasirika. Alisema, "Nitakuambia ukweli, shosho. Wiki tatu kabla ya hiyo siku, mwenzangu alikatwa bega na mlevi. Tuliambiwa ni kelele tu, tukaenda mikono mitupu. Sasa wewe ukaniambia panga. Na wewe si mtu wa kuongezea chumvi, kila mtu kituoni anajua. Tangu nilipotoka kwa gari, huyo mtu kwa macho yangu alikuwa tayari amekata. Nilipoona panga kweli, mkono haukuniuliza. Tulikuwa wawili, njia ni nyembamba, sura yake sioni, nampigia kelele na yeye anakuja." Akafuta uso kwa kiganja. "Kama ungeniambia ni mtoto wako, ningeita jina lake."

Ningeita jina lake. Nilitaka kukaa chini lakini sikutaka anione nikikaa.

Nikasema, "Mimi ni mzee. Sikumbuki vile nilisema."

Akaniangalia vile mtu huangalia nyumba aliyoijua ikiwa imefungwa. "Sawa, shosho." Akaenda.

Wachunguzi walipokuja, wanawake wawili na mwanaume mmoja, walikuwa wanajua nilimpigia, iko kwa simu. Niliwaambia nilipiga kusema kuna watu wanapika pombe ya chang'aa upande wa chini. Wakaandika. Koplo alisimamishwa kazi, na kesi kila mara inasukumwa mbele.

Sisemi hana makosa. Risasi ni yake, angeweza kurudi nyuma hatua mbili, na ninajua angeweza, maana wenzake wengine hurudi. Lakini ile hofu aliyokuja nayo haikuwa yake. Mimi ndiye nilimfungia kama chakula cha safari.

Mke wa Mwangi alirudi kwao na watoto. Sikumlaumu. Mwangi sasa yuko kwa chumba changu. Namgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze, namwosha, nambadilisha. Nilipomzaa nilifanya hayo nikiwa na nguvu, sasa nayafanya na goti bovu. Pombe hajaonja tena. Ndivyo nilivyotaka, si ndiyo? Apate adabu.

Ng'ombe niliuza. Sikuweza kukata nepia.

Kwa miezi mingi, kila asubuhi nikimpa uji, aliniuliza, "Mum, ni nani aliita wale karao?" Nami nasema, "Si tunajua ni nani." Anatikisa kichwa, anakunywa.

Kisha juzi juzi, kabla ya Pasaka, alishika kikombe bila kunywa. Akasema polepole, kama mtu anayehesabu, "Walikuja bunduki ikiwa mkononi. Walikuwa wanajua kuna panga. Lakini walifika nikipanda tu kutoka mtoni, kwa hivyo wakati simu ilipigwa, mimi nilikuwa sijashika panga. Mama Brayo angejuaje nitashika panga?"

Nikasema, "Labda alikuona ukiteremka."

"Nikiteremka yeye alikuwa anavaa viatu. Nilipita mbele yake, simu ilikuwa kwa kibeti." Akazungusha kikombe. "Mtu aliyesema panga ni mtu huwa anasema panga."

Mimi nilikuwa nimeshika kijiko. Nilisema uji unapoa.

Hajaniuliza tena tangu siku hiyo. Hakuna hata siku moja. Anasema asante nikimlisha, asante nikimgeuza. Lakini ameacha kuniita mum. Ananiita shosho, kama wapangaji. Kama koplo.

Ningemwambia. Kila nikimfunika naanza, neno linafika kwenye meno linarudi. Nikimwambia, atataka mtu mwingine amguze, na hakuna mtu mwingine. Atalala akiwa amenigeuzia uso kwa ukuta, na hata kwa ukuta atanihitaji mimi nimgeuze. Msiniandikie kwamba atanisamehe. Hamjamwona akisema asante.

Nyumba Kumi nimeacha. Waliniomba nibaki, eti hakuna mtu mkweli kama mimi.

Wewe unayesoma hapa, mwenye bwana mlevi, mwenye mtoto aliyekushinda, mwenye jirani wa kelele, najua gari haina mafuta. Najua wanakuja tu ukitaja panga. Mimi nimetaja mara tatu, mara zote wakaja. Kama ana mwiko, sema mwiko. Kama ni mtoto wako, sema ni mtoto wako, taja na jina lake. Wakikataa kuja, wakatae. Kaa na kelele yako mpaka iishe. Kelele huisha.

Ningeandika zaidi, lakini saa mbili zimekwisha na lazima nikamgeuze. Ameshaita. Ameniita shosho.